Gari Linalotetemeka Asubuhi na Kupona Likipata Joto: Namna Ninavyolipima

Usiliwashe. Hilo ndilo neno la kwanza ninalomwambia mtu anayenipigia simu kwamba gari lake likiwashwa asubuhi linatetemeka, linakohoa, linataka kuzima, halafu baada ya dakika chache linatulia kana kwamba halijawahi kuumwa. Liache hapohapo nilifuate, au lilete jioni lilale kwangu mpaka kesho. Wengi huniona nawazungusha. Wanataka waje nalo saa nne asubuhi, nifungue boneti, nitaje kilichoharibika. Tatizo ni kwamba gari likifika saa nne limeshapata moto, injini imetulia, na mimi nabaki nimekunja mikono nikiisikiliza. Mwenye gari anaona haya, kama mama aliyekimbiza mtoto hospitali usiku, kufika mbele ya daktari mtoto anaanza kucheza.

Ugonjwa huu unaishi dakika mbili au tatu tu kwa siku. Ukishawasha injini, hata kama ni kwa kuisogeza tu kutoka kivulini, nafasi ya siku hiyo imekwisha mpaka injini ipoe kabisa tena, na hiyo huchukua muda wa saa 8 au zaidi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya upimaji wangu hufanyika kabla ya kupiga stata.

Kwanza uelewe kwa nini baridi ndiyo inayoufichua. Petroli haiungui ikiwa majimaji, inaungua ikiwa mvuke. Kuta za silinda na njia za hewa zikiwa baridi, sehemu ya petroli inagoma kuwa mvuke na kushika ukutani. Kompyuta ya injini inalijua hilo, ndiyo maana asubuhi inamwaga petroli zaidi ya kawaida na kupandisha mzunguko wa sailensi, yaani ule wa injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta. Injini nyingi huanzia kama mizunguko 1,200 hadi 1,500 kwa dakika, kisha hushuka polepole kadiri joto linavyopanda, mpaka zitulie kati ya 650 na 850. Katika muda huo kompyuta haiisikilizi sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi, kwa sababu sensa hiyo haisomi vizuri mpaka yenyewe ifike joto la nyuzi 300 hivi. Injini yenye moto ina mwalimu anayeisahihisha kila sekunde. Yenye baridi inajibu mtihani kwa kukariri. Kasoro ndogo ambayo mchana ingefidiwa bila wewe kujua, asubuhi haina wa kuifidia.

Jioni kabla ya kulala

Gari likishapoa natia alama ya kalamu kwenye tangi la akiba la maji ya rejeta, pale yalipofikia. Nachomoa stiki ya oili naangalia kiwango na rangi. Nafungua kifuniko cha chujio la hewa, maana nimewahi kukuta kiota cha panya humo, na si mara moja. Kisha naandaa vitu vya asubuhi: mashine ya kupima inayoonyesha namba za sensa papo hapo (hata ile ndogo inayoongea na simu inatosha), tochi, kioo kidogo cha mkononi, multimita (kipimo cha umeme), spana ya plagi, na chupa ya kunyunyizia maji kama ile ya kunyoshea nguo. Chupa hiyo ndiyo kifaa ninachokipenda kuliko vyote, nitaieleza.

Nawasihi pia wenye gari wasifute kodi, yaani namba za makosa zilizoandikwa kwenye kompyuta, kabla sijazisoma. Kodi ya P0301 inakuambia silinda namba 1 inamisi, yaani kuna mipigo inapita bila kuwaka, P0302 namba 2, na kuendelea. P0300 ni misi isiyo na mwenyewe, inaruka huku na kule. P0171 ni kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Hizo si hukumu, ni ushahidi wa awali. Ila kuzifuta kabla ya kuzisoma ni kama kuosha vyombo kabla polisi hawajafika.

Kabla ya kupiga stata

Asubuhi naweka swichi on bila kuwasha, naunganisha mashine, natafuta namba mbili: joto la maji ya injini na joto la hewa inayoingia. Gari lililolala usiku kucha, vitu vyake vyote vina joto moja. Namba hizo mbili zinatakiwa zifanane, zikipishana sana iwe nyuzi 3 au 5.

Somo hili nililipata kwa aibu. Kuna gari lilinitesa wiki nzima. Nilibadilisha plagi. Nikasafisha throtobodi, ule mlango wa kupitishia hewa ya injini. Nikatoa injekta, zile zinazopuliza petroli, zikaenda kuoshwa. Kila nikilirudisha, mwenyewe, mama mmoja mstaafu mwenye subira kuliko mimi, ananipigia kesho yake asubuhi: "Fundi mwanangu, bado linakohoa." Mara ya nne nililiacha lilale, nikaamka nalo. Hewa inasoma nyuzi 18. Maji yanasoma 67. Nikaweka kiganja juu ya injini: baridi kama jiwe la mtoni. Maji ya injini iliyolala kwa muda wa saa kumi na moja yatatoa wapi nyuzi 67? Sensa ya joto la maji ilikuwa inaidanganya kompyuta kwamba injini imeshapata moto, kwa hiyo ile petroli ya ziada ya asubuhi haikutolewa kabisa. Injini ilikuwa inaamka na njaa. Ikishapata moto wa kweli, uongo na ukweli vinakutana njiani, na gari linapona.

Na taa ya injini kwenye dashibodi haikuwaka hata siku moja. Nyuzi 67 ni jibu linaloingia akilini, kompyuta haikuwa na sababu ya kulikataa. Taa huwaka sensa ikikatika kabisa au ikisema upuuzi kama nyuzi 40 chini ya sifuri. Sensa yenyewe ni kidude cha ukubwa wa kidole gumba. Nilikuwa nimeshafungua nusu ya injini kwa ajili yake.

Kuipima ni rahisi. Chomoa soketi yake, weka multimita kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa umeme. Sensa nyingi za aina hii ukinzani wake hushuka joto likipanda: kwenye nyuzi 20 utakuta kati ya omu 2,000 na 3,000, kwenye nyuzi 80 kati ya 200 na 400. Tafuta namba za gari lako mwenyewe kabla ya kuihukumu. Angalia na soketi: ikiwa na ule ukungu wa kijani, ukinzani unaongezeka, kompyuta inaona baridi kuliko ilivyo, na hapo ugonjwa unageuka. Petroli inakuwa nyingi mno, gari linatoa moshi mweusi na kunuka petroli hata likiwa na moto.

Sekunde za kwanza

Washa bila kugusa mafuta. Usipige resi, hata kama mguu unakuwasha kukanyaga. Resi inaficha kila kitu.

Sikiliza mdundo. Tetemeko lenye mpigo wa kurudiarudia, du-du-du-pa, du-du-du-pa, mara nyingi ni silinda moja isiyofanya kazi. Sogeza kiganja karibu na mdomo wa ekzosi na utausikia mkononi, kila baada ya pumzi kadhaa kuna moja inayokosekana. Mzunguko unaopanda na kushuka kama mtu anayepumua usingizini, bila mpigo maalumu, ni habari ya hewa au throto. Ukiwa umezaliwa na sikio bovu, na mafundi wa namna hiyo tupo, mashine nyingi zina ukurasa unaohesabu misi ya kila silinda.

Moshi nao unaongea. Mweusi ni petroli nyingi. Wa bluu unaotoka ghafla unapowasha kisha ukaisha ni oili iliyochuruzika usiku kupitia sili za valvu. Mweupe mwepesi unaopotea baada ya dakika moja ni mvuke wa kawaida, usihangaike nao. Mweupe mzito unaokaa na kunukia kama kitu kitamu, huo rudi kwenye alama yako ya kalamu kwenye tangi la maji.

Chupa ya maji

Kama kuna sababu moja ninayoikuta mara nyingi kuliko nyingine kwenye magari yenye umri, ni mpira wa vakyumu uliopasuka, yaani mojawapo ya mipira ambayo injini huvuta hewa kupitia kwayo. Hewa inaingia kwa mlango wa nyuma, sensa ya hewa haikuihesabu, petroli haikuongezwa kuilingana, na silinda zinapata hewa tupu. Likipata moto, mpira unalainika na kujibana, gasketi ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda) inatanuka, sensa ya oksijeni inaamka na kufidia kilichobaki. Ndiyo maana mgonjwa anapona mbele ya macho yako.

Kumbuka tu kwamba si magari yote yanayoitikia hivyo. Yale yanayopima shinikizo ndani ya manifoldi badala ya kuihesabu hewa, mpira ukipasuka kompyuta inaona shinikizo limepanda na kuongeza petroli, kwa hiyo mara nyingi sailensi ndiyo inayokuwa juu.

Mafundi wengi wanatafuta uvujaji kwa kupuliza kemikali ya kusafishia kabureta huku injini ikinguruma. Mimi niliacha siku nilipoona cheche ya waya mbovu ikiwasha moto juu ya injini, moto wa sekunde mbili tu, lakini nyusi zangu zilichukua mwezi kurudi. Natumia maji. Injini ikiwa bado baridi na inatetemeka, nanyunyiza umande mwepesi, kidogo kidogo, kwenye kila kiungo cha mpira na pembeni mwa gasketi ya manifoldi. Siyo kwenye koili zinazopeleka umeme kwenye plagi, siyo kwenye soketi. Tone la maji likifika kwenye ufa linavutwa, linauziba kwa nusu sekunde, na injini inabadili sauti. Ukisikia imetulia mara moja kisha ikarudi kutetemeka, umefika.

Anzia kwenye kiwiko cha mpira kinachotoka kwenye valvu ya kupumulia oili, ile inayorudisha mvuke wa oili kwenye manifoldi. Hicho ndicho mkosaji wangu wa kila siku. Kinaishi kwenye joto na mafuta, na kinaoza kwa chini, upande usioonekana. Juu kinang'aa kama kipya. Weka kioo chini yake, mulika na tochi, kisha kibane kwa vidole viwili taratibu. Kama kimepasuka, ufa utafunguka kama mdomo wa samaki. Kuna kimoja nilikitoa kikanikatikia mkononi vipande viwili, na mwenye gari alikuwa ameshanunua koili nne. Baada ya hicho fuata mpira mnene wa busta ya breki, halafu vile vipira vyembamba vyembamba ambavyo mtu aliwahi kuvichomoa akasahau kimoja.

Mashine inaweza kukuthibitishia baadaye injini ikiwa na moto. Angalia ile asilimia ya fidia ya petroli. Ikiwa kwenye sailensi inazidi +10, na ukipandisha mzunguko hadi 2,500 inashuka karibu na sifuri, hewa inavuja. Ikibaki juu kotekote, au ikizidi kupanda, shuku upande wa petroli: pampu, chujio, au sensa ya hewa iliyochafuka.

Plagi na koili

Hapa ndipo wengi huanzia na kuishia, na mara nyingine wanapatia. Plagi iliyochakaa pengo lake limepanuka, na pengo likipanuka cheche inadai umeme mwingi zaidi kuruka. Asubuhi, petroli ikiwa matonematone, cheche dhaifu haiwezi. Pengo la plagi nyingi ni kati ya milimita 0.7 na 1.1, fuata la gari lako. Zile za iridiamu usizigongegonge kurekebisha pengo, ncha yake ni nyembamba na inavunjika.

Zitoe injini ikiwa baridi na uzipange mezani kwa mpangilio wa silinda. Kahawia hafifu ni afya. Nyeusi kavu kama masizi ni petroli nyingi. Nyeusi yenye utelezi ni oili. Iliyolowa petroli ni ya silinda isiyowaka. Kama tatu ni za kahawia na moja imeoshwa ikawa safi mno, kama imetoka dukani, usifurahi. Silinda hiyo huenda inakunywa maji.

Koili nazipima kwa kuzihamisha, na hapa subira inarudi. Kama silinda namba 2 ndiyo inayomisi, jioni nahamisha koili yake kwenda namba 4 na ya 4 kuja 2, sigusi kingine, nalala. Asubuhi misi ikihamia namba 4, koili ndiyo. Ikibaki namba 2, kesho yake nahamisha plagi, na keshokutwa injekta kama inafikika. Asubuhi moja, swali moja. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo gari linaweza kupona, lakini hutajua ni kipi kilichokuwa kinaumwa, na vile viwili vizuri umevitupa.

Tafadhali usichomoe koili injini ikiwa inawaka ili usikilize ipi haina kazi. Umeme wake ni maelfu ya volti, na petroli isiyoungua inakwenda kuunguza masega ya kusafishia moshi yaliyo kwenye ekzosi. Kama lazima uzime silinda, chomoa soketi ya injekta.

Petroli iliyokimbia usiku

Kuna gari ambalo stata inazunguka sana, linawaka kwa shida, linatetemeka sekunde kumi, basi. Hilo nalipima hivi: naweka swichi on, nasikiliza pampu ikivuma sekunde mbili, nazima. Narudia mara tatu ndipo nawasha. Likiwaka safi, presha ya petroli inashuka usiku. Ama valvu ndani ya pampu haizuii petroli kurudi, ama kuna injekta inayodondosha. Injekta inayodondosha utaijua kwa harufu na kwa plagi moja iliyolowa.

Throtobodi yenye masizi nayo huleta sailensi dhaifu, ila kuisafisha ni kazi ya dakika ishirini: kitambaa, kemikali yake, basi. Zile za umeme usisukume kile kisahani kwa kidole swichi ikiwa on, na baadhi ya magari yanadai kufundishwa upya sailensi baada ya hapo. Kwenye injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, valvu za kuingizia hewa haziguswi na petroli, kwa hiyo zinaota ganda la masizi ambalo dawa ya kwenye tangi haiwezi kulifikia. Hiyo ni kazi ya kufungua manifoldi na kulikwangua.

Maji ndani ya silinda

Alama ya kalamu imeshuka, oili haijaongezeka, chini ya gari pakavu, na asubuhi silinda moja inamisi kwa nusu dakika na moshi mweupe. Gasketi ya hedi, ile iliyo kati ya bloku ya injini na kifuniko chake cha juu, inaanza kuachia. Injini ikizimwa ikiwa na moto, presha ya rejeta inasukuma maji polepole kupitia tundu dogo, tone kwa tone usiku kucha, yanakusanyika juu ya pistoni. Njia ninayoiamini: jioni, gari likiwa limepoa, natia presha kwenye mfumo wa maji kwa pampu yake ya mkono, siyo zaidi ya namba iliyoandikwa kwenye kifuniko cha rejeta, naacha mpaka asubuhi. Kisha natoa plagi zote na kumulika ndani. Pistoni yenye maji inang'aa, nyingine ni nyeusi kavu. Nikiona hivyo naacha plagi nje, napiga stata kidogo, na maji yanaruka juu kama nyangumi. Gari hilo usilitembeze tena, kwani yakijaa mengi maji hayakandamiziki, na kitakachopinda ni mkono wa pistoni.

Kipimo cha kompresheni, yaani presha ambayo pistoni inaikandamiza ndani ya silinda, nakiacha mwisho kwa sababu kinakula muda. Injini nyingi za petroli zenye afya hutoa bar 10 hadi 13, lakini namba yenyewe si muhimu kama tofauti: silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15 hivi, ina hadithi. Weka oili kijiko kimoja kwenye tundu la plagi, pima tena. Ikipanda ni ringi za pistoni, isipopanda ni valvu au gasketi.

Lile gari la mama nililimaliza kwa sensa moja. Sikumwambia limepona. Nilimwomba alilaze nyumbani, na kesho yake kabla ya kuwasha anipigie. Alinipigia saa kumi na mbili na robo, simu ameiweka juu ya dashibodi, akapiga stata huku nikisikiliza. Tulikaa kimya wote wawili kama dakika mbili hivi, mzunguko ukishuka polepole, bila mkwaruzo. Nikamwambia kesho tena. Na keshokutwa. Siku ya tatu hakupiga, na mimi ndiyo nikafunga ukurasa wake kwenye daftari.